Nilivyohesabu Kuanzia Mbili

Mwezi uliopita nilikuwa napanda ngazi za jengo moja la ghorofa pale Kariakoo, namfuata fundi anayenishonea nguo, na nilipofika ghorofa ya pili nikasimama. Wajukuu zangu wangesema ni magoti. Hayakuwa magoti. Mlango mmoja ulikuwa wazi, ndani mwanamke alikuwa anafungua mzigo wa ukindu wa kusukia mikeka, uliotiwa rangi, na harufu yake ikanipiga usoni: majani makavu, moshi kidogo, na ule ukali wa rangi ya zambarau iliyochemshwa kwenye sufuria kuukuu. Nilishika ukuta, nikavuta pumzi. Mama yangu alifariki miaka mingi iliyopita, lakini kwa dakika ile nilikuwa na miaka sita, nimekaa chini uani kwetu, naye ananiambia, "Haya Pili, nihesabie."

Nyumba yetu haikuwa mbali na hapo, ingawa leo ukinitaka nikuonyeshe mahali penyewe nitababaika. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na nyuma ua mpana ambako ndiko tulikoishi hasa. Vyumbani tulikuwa tunalala tu. Asubuhi king'ora cha karakana za reli kikilia kule mtaa wa Gerezani, baba alikuwa tayari ameshaipanda baiskeli yake. Alikuwa mtu wa kusini, wa upande wa Lindi, mpole, mwenye maneno machache na mikono isiyotoka grisi hata aioshe vipi. Mama alikuwa wa Rufiji. Alikuja mjini kuolewa, na ufundi aliokuja nao ulikuwa kusuka mikeka. Hakuijua herufi hata moja wala hakuwahi kukaa darasani, lakini hesabu alizijua, na alizijua kwa vidole.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mkeka unavyoanza. Kwanza husukwa ukili, ule ukanda mwembamba mrefu, halafu kanda hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukamilike. Ukili ukiuanza kwa majani tisa, basi ni tisa mpaka mwisho. Likipungua jani, upana unapungua, na ukanda huo haukai na mwenzake hata uuvute namna gani. Kwa hiyo mama alihesabu siku nzima, bila sauti, midomo ikicheza kidogo tu, na mimi niliyekaa pembeni yake nilidhani anazungumza na ukindu.

Hakuwahi kuniambia kwamba leo tunajifunza hesabu. Alisema tu, "Niletee majani manne mekundu." Nikileta, anayashika, ananitazama. "Sasa niletee mawili meupe. Yote pamoja una mangapi?" Nikikosea hakusema nimekosea, alinirudishia akasema, "Yaulize tena." Nami nilikuwa nayauliza kwelikweli, moja baada ya jingine, nikiyagusa kwenye goti langu. Tukienda bombani kuteka maji alinipa kazi ya kuhesabu hatua kutoka mlangoni, na siku iliyofuata alinitaka nifike kwa hatua chache zaidi, nikawa naruka kama chura huku akinicheka. Wageni wakija alininong'oneza, "Kila mtu kikombe chake," nami nilichungulia ukumbini, nikarudi, nikachungulia tena, mpaka vikombe na watu vikalingana. Kitumbua kikibaki, mimi ndiye niliyekigawa. "Ukiona hakuna aliyenuna," aliniambia, "umegawa sawa." Nimefundisha watoto wengi tangu hapo na sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Wahindi. Alasiri mama wa pale alikaa kwenye ngazi na binti yake, akimsuka nywele na kumhesabia kwa Kigujarati, na kila mkunjo wa nywele ulikuwa na namba yake. Niliwasikiliza nikiwa kibarazani kwetu. Nilidhani wao wana vitu vingine vya kuhesabu, ambavyo sisi kwetu havikufika.

Kosa langu lilikuwa hili: nilihesabu kuanzia mbili.

Kwangu jambo hilo lilikuwa wazi kabisa. Mimi nilikuwa Pili, mtoto pekee wa mama yangu, na sikuona mtu mwingine mbele yangu. Chumba cha mbele yetu alipanga Bi Tatu, mke wa fundi cherehani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Kwa hiyo mimi kwanza, kisha Bi Tatu. Nilimaliza siku kadhaa nikimtafuta Bi Nne katika nyumba za jirani, na niliposhindwa kumpata nikaamua kwamba amehamia Ilala, kama walivyokuwa wakihamia wengi. Mama alinisikia nikisema "mbili, tatu, nne" huku nikigusa majani, naye akaendelea kusuka. Wakati ule nilidhani ameridhika.

Bi Tatu ndiye aliyegundua. Alikuwa na mtoto mchanga, Rajabu, na mama alikubali tumsukie kijimkeka cha kulalia. Mama angesuka ukanda wake, mimi wangu, wa majani tisa tisa. Ulikuwa ukili wangu wa kwanza, na nilifanya nao kazi siku tatu, ulimi nje. Tulipozilaza kanda mbili pamoja, wangu ulikuwa mwembamba.

Bi Tatu aliinama, akahesabu kwa kucha yake. "Nane," akasema. "Wewe, ulihesabu vipi?"

Nikamwonyesha. "Mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa."

Bi Tatu akapiga mkono pajani, akacheka mpaka Rajabu akashtuka. "Shoga, njoo usikie! Mwanao anaimeza moja!"

Nilitoka mbio hadi nyuma ya jiko, nikatia kidole mdomoni kuitafuta. Sikuhisi kitu. Niliporudi Bi Tatu alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Akanivuta, akaniweka mbele ya magoti yake. "Sikiliza, mwanangu. Huwezi kuanza na mbili. Kila kitu kinaanza na moja. Mbili haiji mpaka moja iwe imetangulia."

"Lakini mimi ni Pili," nikasema, "na ndimi wa kwanza. Moja ni nani?"

Kicheko cha Bi Tatu kilikatika. Alimtazama mama, kisha akamtazama Rajabu, akaanza kumfunga nepi ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Mama aliweka ukili chini, akainuka, akaenda jikoni. Hakukuwa na kitu motoni. Nilimwona kupitia mlangoni amesimama, ameshika mwiko, anatazama majivu.

Mtoto haulizi mara ya pili kitu kama hicho, anajijibu mwenyewe. Nikajijibu kwamba moja ni neno baya, na kwamba yeyote anayelitamka mbele ya mama anamwumiza. Nikaamua sitalitamka. Nilijiona mwema sana kwa uamuzi huo. Nilitembea nao wiki nzima kama mtu aliyebeba yai.

Shida ni kwamba shule ilikuwa inakaribia kuandikisha. Kulikuwa na shule ya wasichana si mbali nasi, na baba alikuwa ameshaamua kwamba nitakwenda. Jamaa zake walimwambia msichana inamtosha kujua kusoma Kurani na kupika. Yeye aliwajibu kwamba karakana nzima kule watu wanasaini kwa dole gumba, na hataki kuliona dole la mwanawe. Huo ndio usemi mrefu kuliko wote niliousikia kutoka kwake. Jioni moja kabla ya magharibi aliniita barazani, akamwaga mbele yangu nati kadhaa zilizochakaa.

"Hesabu mpaka kumi."

"Mbili, tatu, nne..."

"Ngoja. Moja iko wapi?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni anapeta mchele, anasikia.

"Pili. Moja iko wapi?"

Nikaitazama ile nati ya kwanza mpaka macho yakaniuma. Baba alijaribu tena, kwa upole, kisha kwa upole uliopungua. Mwishowe akazikusanya nati akazitia mfukoni. "Mama Pili," akasema, "wanachukua wachache. Mtoto asiyejua moja watamrudisha."

"Ataijua," mama akajibu, bila kuinua uso.

Siku ya kuandikisha baba alikuwa zamu, hivyo mama ndiye aliyenipeleka. Alivaa buibui lake zuri, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanivalisha gauni jekundu alilonishonea mume wa Bi Tatu. Kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto kutoka mlango wa ofisi hadi kwenye geti. Kila mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa kugusa sikio la upande wa pili. Aliyeligusa alikuwa mkubwa wa kutosha. Mimi nililigusa bila taabu. Kisha tukaingia kwa mwalimu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, amekaa chini ya picha ya Malkia, na mbele yake mezani palikuwa na kokoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti mzuri. Nihesabie hizi."

Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono ameikutanisha mbele, na uso wake ulikuwa na matumaini makubwa kiasi kwamba sikuweza, wallahi sikuweza, kumwumiza hapo mbele ya watu.

"Mbili," nikasema. "Tatu. Nne."

Mwalimu alinisimamisha, akanirudisha mwanzo. Nikaanza tena na mbili. Alijaribu mara tatu, na sasa nakumbuka kwamba mara zote tatu alitabasamu. Kisha akamwambia mama, taratibu, "Huyu bado kidogo, mama. Mfanyisheni mazoezi, mje mwakani."

Tulitoka. Mama hakunikaripia. Alinishika mkono na tukapita pembeni ya soko, katikati ya kelele za wauza ndizi na harufu ya samaki wa kukaanga, na mkono wake ulikuwa baridi. Tulipofika kwenye baraza la duka moja lililofungwa akaketi, akanikalisha karibu yake, akainua uso wa buibui.

"Pili, wewe moja unaijua."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukuisema?"

Nikaanza kulia. "Nikisema moja unaumia. Siku ile ulikwenda jikoni."

Mchukuzi alipita na gari lake la mkono, akapiga kelele tupishe miguu, mama akanivuta miguu yangu bila kumtazama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza chumvi, "Wewe una dada."

"Yuko wapi?"

"Alifariki kabla hujazaliwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe. Alipata homa, siku mbili tu. Jina lake Mosi." Akameza mate. "Mosi ni moja, mwanangu. Ndiyo hiyo hiyo. Ulipozaliwa wewe, baba yako akasema huyu ni Pili, ili tusimsahau wa kwanza. Watu walikuwa wananiita Mama Mosi. Nikawaomba waache. Nikawaambia nisije nikasikia mtu ananiita hivyo."

Niliifikiria habari hiyo. Kilichonijia kwanza, nakiri, hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu. Kumbe moja haikuwa neno baya. Kumbe nilikuwa na mtu mbele yangu.

"Kwa hiyo naweza kuisema?"

"Iseme."

"Moja," nikasema, kwa sauti ndogo, nikimchungulia usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa ananiitikia kwa kichwa, endelea, endelea. "Mbili. Tatu." Nilikwenda hadi kumi, na kwa kuwa hakunizuia nikaendelea hadi ishirini, na mpita njia mmoja mwenye kapu la mchicha akasimama kutusikiliza. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama, akanikung'uta vumbi gauni.

"Twende," akasema.

Nilidhani tunakwenda nyumbani. Tulirudi tulikotoka.

Mnapaswa kumjua mama yangu ili mwelewe jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Alikuwa mwanamke ambaye akitakiwa kumwuliza karani swali alimtuma baba. Dukani alionyesha kitu kwa kidole. Siku ile alipita pembeni ya foleni iliyobaki, akaingia ofisini bila kuitwa, na akasimama mbele ya meza.

"Mwalimu, nisamehe. Nimerudi. Kosa lilikuwa langu, halikuwa la mtoto. Mwulize tena."

Mwalimu alimtazama, akaniangalia na mimi, macho yangu mekundu. Angeweza kusema ameshamaliza na mimi. Alivisukuma tu vile vikokoto kwangu.

Nikaweka kidole juu ya cha kwanza. "Moja," nikasema, kwa sauti kubwa mno, mpaka mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Vikokoto vilikuwa kumi na vinne. Vilipokwisha nikaendelea kuhesabu vitu vyote mezani, kalamu, wino, kengele, vidole vya mwalimu mwenyewe, mpaka akaninyamazisha kwa mkono huku mabega yakimtikisika.

"Inatosha, mama. Jina lake nani?"

"Pili."

"Ni mtoto wako wa ngapi?"

Nilimhisi mama akivuta pumzi. Hapo kabla, mtu akimwuliza hivyo, alijibu kwamba ni mimi huyu huyu, basi.

"Wa pili," akasema.

"Na wa kwanza, tumeshamwandikisha hapa?"

"Wa kwanza ametangulia mbele ya haki, mwalimu."

Kalamu ilisimama. "Pole sana, mama."

"Nimeshapoa," mama akajibu. Na nadhani ilikuwa kweli, au ilianza kuwa kweli pale pale, kwa kutamkwa.

Tulirudi nyumbani tukiwa wepesi. Bi Tatu alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika Gerezani kabla baba hajatoka kazini, na Rajabu akalia kwa mshtuko. Baba aliporudi alitoa zile nati mfukoni, akazipanga kwenye ukingo wa baraza, na mimi nikazihesabu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Akachukua upawa wa mama akanipigia saluti nao. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku wa siku ile nilimwuliza maswali mengi kuhusu dada yangu kabla sijapitiwa na usingizi, naye alinijibu yote. Alikuwa mweupe au mweusi? Alipenda nini? Alikuwa na meno mangapi? Mawili, mama akasema, ya chini, na alikuwa akimng'ata nayo.

Ijumaa, baba alipotoka msikitini, tulikwenda makaburini sote watatu. Sikuwahi kupelekwa kabla ya hapo. Njiani nilijitengenezea picha ya huyo dada: msichana mkubwa, mrefu kunizidi, mwenye nywele zilizosukwa, anayejua kusoma. Kwa hiyo baba alipoinama mbele ya kaburi dogo lenye jiwe kichwani na kuanza kung'oa majani, sikuelewa.

"Mbona ni fupi kuliko mimi?"

"Alikuwa mdogo," baba akasema.

"Lakini yeye ndiye wa kwanza."

"Ndiyo. Wa kwanza, lakini mdogo." Aliacha kung'oa majani akalifikiria hilo mwenyewe, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analisikia.

Nilisimama pale nikipiga hesabu ngumu kuliko zote nilizopewa hadi siku ile. Mimi nilikuwa na miaka sita. Yeye alikuwa hajafikisha hata mmoja. Nani amwamkie mwenziwe? Nilizunguka nalo kichwani, nikaona kwamba aliyetangulia ametangulia, na miaka haibadilishi hilo. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyofundishwa kuwafanyia wakubwa.

"Shikamoo, dada Mosi."

Baba aligeuza uso upande wa pili. Mama aliziba mdomo kwa kanga, na sauti iliyotoka sikujua ni ya kilio au ya kicheko mpaka alipoiondoa nikaona ni kicheko. Aliniwekea mkono kichwani, akajibu kwa niaba yake.

"Marahaba, mdogo wangu."